Injini Isiyoguswa na Spana

Wiki iliyopita niliwaacha mlimani: mimi, ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, na gari lililozimika katikati ya kilima huku likifuka moshi mweupe. Ng'ombe alizaa salama. Ndama ni mzima, na mwenye ng'ombe amempa jina langu, jambo ambalo mke wangu bado hajaacha kulicheka. Aliyekufa siku ile ni gari.

Kwa mnaonisoma kwa mara ya kwanza, mimi ni daktari wa mifugo. Gari lenyewe ni la kizamani, la kupanda milima, mlango wake wa nyuma unafungwa kwa kamba, na kila mtu analiita Ngangari. Nilipewa na baba mkwe siku ya harusi yangu. Yeye mwenyewe alilipata likiwa jipya akaliendesha miaka thelathini, na macho yake yalipoanza kufifia akanikabidhi ufunguo mbele ya watu wote, kwa sharti moja.

"Injini hii haijaguswa na spana tangu itoke kiwandani," alisema. "Siku utakayomruhusu mtu aitoe, nirudishie ufunguo wangu."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikaapa. Mwanamume aliyevaa suti mpya ataapa chochote.

Sasa mnielewe. Bila Ngangari mimi si daktari, ni mtu anayezurura na bomba la sindano. Wagonjwa wangu wote wako kule juu, na hakuna hata mmoja anayejua njia ya kuja kwangu. Juu ya hayo, baba mkwe alikuwa amepiga simu: Jumamosi anakuja na mama mkwe, nimpeleke kwa dada yake mlimani.

"Macho yangu siku hizi yanaona vivuli tu," alisema kwenye simu, "lakini masikio ni yale yale. Nataka kuisikia injini yangu ikipanda kile kilima."

Hiyo ilikuwa Jumatatu asubuhi, na Ngangari alikuwa amevutwa kwa trekta hadi kwa fundi.

Fundi ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko yangu. Watu wanamwita Kiri-Kwanza. Gereji yake ni paa la mabati juu ya nguzo nne, mnyororo wa kunyanyulia injini ukining'inia katikati, na chini ya mnyororo kuna kiti cha gari kilichong'olewa zamani. Hagusi boneti mpaka mwenye gari akae kwenye kile kiti na kueleza kila alichokosa.

"Magari hayanidanganyi," huwa anasema. "Wanaonidanganya ni wenyewe. Haya, kaa."

Nikakaa. Nikakiri kwamba oili nilichelewa kubadilisha. Nikakiri kwamba rejeta nilikuwa nikiijaza maji ya mtoni. Nikakiri hata lile la fahali niliyempakia nyuma na akala kiti.

"Na mshale wa joto ulikuwa unasoma wapi?"

"Kawaida," nikasema.

"Kawaida ni wapi?"

"Pale pale pa kila siku."

Akafungua mlango wa dereva. Nikajua nimekwisha.

Mtanisamehe, hili sijawahi kulieleza hata katika safu hii. Mwaka jana mama mkwe alipanda Ngangari akauliza kwa nini ndani ya gari la mumewe hamna hata picha ya mumewe. Nikaona aibu. Jioni ile ile nikatafuta picha ndogo ya baba mkwe, ile anayotabasamu, nikatafuta pa kuibandika. Dashibodi nzima ya Ngangari ni mikwaruzo na mashimo. Mahali palipokuwa pasafi, pa duara, panapolingana na ile picha sawasawa, palikuwa mahali pamoja tu: kwenye kioo cha kipimo cha joto. Nami tangu nipewe gari sikuwahi kuuona ule mshale ukisogea. Nilidhani ni pambo.

Nilitumia gundi nzuri. Fundi alihangaika nayo kwa ukucha, kisha kwa bisibisi, mpaka picha ikabanduka. Chini yake mshale ulikuwa umelala mwisho kabisa wa nyekundu, umekwama hapo hapo.

"Kwa hiyo," alisema fundi taratibu, "maji yalikuwa yanachemka, na wewe unatazamana na mkweo."

"Alikuwa anatabasamu," nikasema.

Kiri-Kwanza hacheki ovyo, mji mzima unajua. Siku ile alishika nguzo ya gereji akacheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha grisi, akabaki na alama mbili nyeusi mashavuni. Nikapata matumaini kidogo. Nikajiambia mtu anayecheka hivi hawezi kuwa na habari mbaya.

Alivuta kijiti cha kupimia oili. Kikatoka kimepakwa kitu cha rangi ya chai ya maziwa.

"Maji yameingia kwenye oili."

Akajaza rejeta, akaacha mfuniko wazi, akaniambia nipige starta. Maji yakaanza kutoa mapovu.

"Na moto unaingia kwenye maji."

Kisha akafungua nozeli za dizeli, moja baada ya nyingine, na kila alipofungua akachomeka kipimo cha mgandamizo. Silinda ya kwanza, mshale ukapanda vizuri. Ya pili vizuri. Ya tatu ukajikongoja. Ya nne haukuondoka hata pale ulipolala.

"Labda ni gasketi tu," nikasema. "Ukiibadilisha hiyo karatasi, si basi?"

"Labda," alisema, kwa ile sauti ninayowaambia mimi wenye ng'ombe wanaokaribia kufa.

Kufikia mchana alikuwa amekifungua kifuniko cha silinda. Gasketi ilikuwa imeungua kweli, hapo sikukosea. Lakini akanishika mkono, akaupitisha ukucha wangu juu ya chuma, kati ya silinda ya tatu na ya nne. Ukucha ukanasa kwenye ufa. Akaufuata ule ufa kwa tochi, nao ukashuka kwenye bloku mpaka tochi ikashindwa kuuona mwisho wake.

"Hapa hakuna gasketi," alisema. "Hapa ni kutafuta injini nyingine."

"Haiwezi kutengenezwa bila kutolewa? Yaani ikae humo humo tu, ibaki inaonekana haijaguswa?"

"Daktari, wewe ukikuta ng'ombe amekufa unampa dawa ya minyoo?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mke wangu alikuwa anapasi nguo, akanisikiliza bila kuinua kichwa. Nilipofika kwenye picha na gundi, ilibidi aweke pasi pembeni, akakaa chini. Nimeoa kwenye ukoo wa watu wanaopenda kucheka, sijui kama ni bahati au ni adhabu.

"Mwambie baba," alisema alipopata pumzi.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Akishaisikia ile nyingine ikiunguruma. Huenda asitambue."

"Mume wangu, baba hanioni uso, lakini nikiweka kikombe mezani anajua nimeamkaje. Unataka kumficha injini?"

"Injini zote za aina ile zinalia sawa."

"Na watoto wote wanalia sawa," akasema, akarudi kwenye pasi yake.

Kutafuta injini ya gari la umri ule si mchezo. Jumanne nzima tulizunguka patupu. Jumatano muuza vyuma chakavu, mtu mnene asiyetoka kwenye kiti chake cha kamba, alituelekeza kwa kidole kwenye rundo lililofunikwa turubai.

"Imeshushwa juzi," alisema. "Ilikuwa inaendesha mashine ya kusaga, ng'ambo ya kilima. Wamevuta umeme sasa, hawaihitaji."

Fundi akafunua turubai. Injini ilikuwa nyeupe. Kila mfereji, kila kichwa cha nati, kila pembe ilijaa unga. Nikapiga chafya.

Kiri-Kwanza hakununua maneno. Aliiweka juu ya tairi kuukuu, akaunganisha betri, akatundika kopo la dizeli, akatia mpira wa maji kwenye ndoo. Injini ikakohoa wingu la unga, ikawaka. Fundi akachukua fimbo ndefu ya mbao, ncha moja kwenye chuma, ncha nyingine kwenye sikio lake, akafumba macho. Akaizima, akapima silinda zote nne. Zilisoma sawa, kama ndugu waliokula sahani moja.

"Huyu ni mzima kuliko wewe," aliniambia. "Kazi yake ilikuwa kusimama mahali pamoja akisaga. Hajui hata kilima kinafananaje."

Tukapatana na muuza vyuma. Nilifurahi hata nikamkumbatia fundi, nikatoka na unga kifuani.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kuitoa ile ya zamani, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mimi sikumsikiliza fundi. Alimwaga maji na oili, akafungua mabomba, akaachanisha injini na giaboksi, akafunga mnyororo. Alipofika kwenye miguu ya injini, pale inapokaa juu ya chasisi, akasimama.

"Nani aliweka hivi vipande?"

Nikachungulia. Chini ya kila mguu kulikuwa na kipande cha bamba la chuma kilichochomelewa, kikiinua injini kidogo.

"Ni vya kiwandani," nikasema. "Injini hii haijaguswa na spana."

"Kiwanda gani hicho kinachomelea huku kinatetemeka? Tazama hii. Aliyefanya hivi ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kushika moto. Injini hii haikuzaliwa humu, daktari."

"Baba mkwe hawezi kusema uongo," nikamjibu, na nilimaanisha. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye Jumamosi. Nilidhani ni maneno ya mafundi, hakuna fundi anayesifia kazi iliyofanyika kabla yake.

Alivikata vile vipande kwa grenda, cheche zikaruka, na chini yake yakatokea matundu ya asili, masafi, yaliyosubiri miaka. Ijumaa tukaishusha injini ya unga. Mimi nilishika mnyororo, yeye akaielekeza kwa bega. Ikashuka, ikagusa, ikatulia. Bolti zote nne zikaingia kwa vidole.

Fundi akafuta mikono. "Hata tundu moja hatujatoboa. Imeingia kama mtu anayerudi kitandani kwake."

Hata hapo sikushtuka. Niliona ni bahati yangu tu, baada ya wiki nyingi za mikosi.

"Sasa niletee kadi ya gari," alisema. "Namba ya injini imebadilika, lazima iandikwe upya."

Kadi ilikuwa kwa mama mkwe. Karatasi zote za ukoo ule zinakaa kwenye mkoba wake mweusi: vyeti vya watoto, hati ya kiwanja, hata risiti ya redio iliyokufa kabla sijaoa. Mke wangu akampigia simu, akamwambia inahitajika kwa ajili ya bima. Mama mkwe hakuuliza swali. Akasema atakuja nayo.

Jumamosi saa tatu asubuhi wakafika. Baba mkwe alikuwa na fimbo yake na koti la sherehe, mama mkwe na mkoba wake.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," alijibu baba mkwe. "Yuko wapi mzee mwenzangu?"

Mama mkwe akaingia ndani na binti yake kunywa maji. Mimi nikamshika baba mkwe mkono, nikampeleka uani. Akapapasa boneti kwa kiganja, akaipigapiga kama bega la rafiki.

"Ifungue. Halafu washa."

Niliwasha. Ikaitikia mara moja. Moshi ulikuwa haba, mlio ulikuwa mzito, sawa, bila kukatika. Nikashuka nikasimama karibu naye. Alikuwa ameinama, sikio juu ya injini, mdomo wazi kidogo. Kisha akainua kichwa.

"Zima," alisema.

Nikazima.

"Umeitoa ile."

Hakuuliza. Na mimi sikuwa na ujanja tena. Nikamweleza yote tangu mwanzo, mlima, moshi, ufa, hata picha. Nilimwambia nilimpenda Ngangari, na kwamba nilimwogopa yeye kuliko nilivyoogopa ule mshale, na kwamba kama anautaka ufunguo wake ni haki yake. Nilikuwa karibu kulia na sioni aibu kuwaambia.

Baba mkwe hakukasirika. Hata sijui kama alisikia nusu ya toba yangu.

"Hii umeipata wapi?" alinong'ona.

"Kwa muuza vyuma chakavu. Ilikuwa inaendesha mashine ya kusaga, ng'ambo ya kilima."

Vidole vyake vikanishika mkono, vikaubana.

"Pembeni mwa bloku kuna namba. Nisomee. Polepole."

Nikapiga goti, nikafuta unga uliobaki kwa kidole, nikamulika tochi. "Saba," nikasoma. "Sifuri. Nne. Nne."

"Tisa," akasema baba mkwe juu yangu. "Mbili. Tatu. Tisa."

Nikatazama chuma. Tisa, mbili, tatu, tisa.

Niliinuka taratibu. Yale mabamba yaliyochomelewa kwa kutetemeka, yale matundu masafi, zile bolti zilizoingia kwa vidole, vyote vikanijia kwa pamoja.

"Baba. Kumbe hii ndiyo ya kwanza."

"Punguza sauti."

"Na ile isiyoguswa na spana?"

"Niliiweka mwenyewe," alinong'ona. "Mwaka mkeo alipoanza shule. Niliazima mashine ya kuchomelea, nikajifungia siku mbili. Ndiyo maana sikutaka mtu aitoe. Fundi yeyote angeviona vile vipande."

"Ukaiuza hii nzuri?"

Akageuza uso upande wa nyumba, akasikiliza kwanza. Kisha akatabasamu, tabasamu lile lile la kwenye picha.

"Sikuiuza. Mwanamke mwenye mashine ya kusaga alikuwa na shida, injini yake imekufa. Nikampa hii."

Jamani, baba mkwe huyu ninamjua. Ukiazima msumari kwake, anaufuata mwenyewe mlangoni kwako.

"Ulimpa bure?" nikauliza.

"Mwanangu, mama yako asijue. Aliniuliza mara moja tu kwa nini vidole vimeungua, nikamwambia ni jiko."

Hapo ndipo tuliposikia kikohozi. Hakikutoka upande wa nyumba. Kilitoka ndani ya Ngangari.

Mama mkwe alikuwa amekaa kiti cha nyuma, kile kilicholiwa na fahali, miwani puani, mkoba magotini, kadi ya gari mkononi. Kamba ya mlango wa nyuma ilikuwa imefunguliwa. Mke wangu alisimama nyuma yake kwa nje, ameshika glasi ya maji na mdomo wake mwenyewe.

"Saba, sifuri, nne, nne," alisoma mama mkwe kwenye kadi, kwa sauti ya mwalimu. "Tisa, mbili, tatu, tisa. Karibu nyumbani, injini."

"Mama watoto," alianza baba mkwe.

"Ngoja. Kadi hii ninaishika mimi. Wiki ile uliyoungua vidole niliishika hivi hivi, nikafungua boneti, nikalinganisha. Miaka yote hii nimejua injini si yenyewe. Umesimama kwenye harusi ya binti yetu ukawaambia watu haijaguswa na spana, na mimi nikapiga makofi." Akavua miwani, akaifuta na upande wa nguo yake. "Nilichokuwa sikijui ni ilikokwenda. Leo mkwe wangu kaniletea. Mungu ambariki."

Sikujua kama nishukuru. Sura yake haikuwa ya hasira, wala haikuwa ya mchezo.

"Mkwe," akaniambia. "Washa gari."

"Tunakwenda kwa shangazi, mama?"

"Wifi yangu atasubiri. Leo tunakwenda mashineni. Nataka nimwone huyo mwenye shida."

Nikafunga boneti, nikaingia, nikawasha. Nitadanganya nikisema nilifikiri. Mama mkwe akisema washa, mkono unakwenda wenyewe. Ngangari akaunguruma kwa furaha ya kijana, pengine alijua anarudi njia anayoijua.

Baba mkwe akapapasa mpaka dirishani kwangu. Koti la sherehe lilikuwa limekaa upande. Akaingiza mkono ndani, kiganja wazi, chini ya kidevu changu.

"Mwanangu," alisema, "sharti ni sharti. Injini imetolewa. Nirudishie ufunguo wangu."

"Usithubutu," alisema mama mkwe nyuma ya kisogo changu.

Nikamtazama mke wangu kwenye kioo cha ndani. Alikuwa amekwisha panda, anafunga kamba ya mlango kwa fundo la kutosha safari ndefu.

"Haya, bwana harusi," alisema. "Uliapa mbele ya watu."